Namna ya Kuandaa Orodha Sahihi ya Wabunge wa Mkoa Baada ya Uchaguzi Mkuu: Mfano wa Kigoma

Kila baada ya Uchaguzi Mkuu, orodha za wabunge huzagaa katika makundi ya WhatsApp, kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata na katika madaftari ya wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa Uraia. Nyingi huwa na majina tu na vyama, na haupiti mwaka kabla baadhi ya majina hayo hayajawa ya watu ambao si wabunge tena. Mwongozo huu unamlenga mtendaji wa kata, mwalimu, mkutubi, mtangazaji wa redio ya jamii au katibu wa kikundi ambaye amepewa kazi ya kuandaa orodha ya wabunge wa mkoa wake na angependa iendelee kufaa kwa miaka yote mitano. Nimeuchukua Mkoa wa Kigoma kuwa mfano kwa sababu majimbo yake ni manane tu, lakini katika chaguzi nne zilizopita yamepitia karibu kila jambo linaloweza kuiharibu orodha: majimbo kubadilishwa majina, wabunge kuhama majimbo, wabunge kufariki, kiti kuwa wazi kwa uteuzi na matokeo kupingwa mahakamani.

Anza na majimbo kabla ya kuandika jina la mtu yeyote

Kosa la kwanza hutokea pale mwandishi anapokusanya majina ya washindi kisha akayatafutia majimbo baadaye. Fanya kinyume chake. Andika kwanza majimbo yote ya mkoa, na pembeni ya kila jimbo uandike wilaya na halmashauri linamoangukia, kwa sababu mipaka ya jimbo ndiyo inayomwambia mwananchi ni nani anayemwakilisha. Katika Uchaguzi Mkuu wa 29 Oktoba 2025, nchi nzima ilikuwa na majimbo 272, yaani 222 ya Tanzania Bara na 50 ya Zanzibar, baada ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kuongeza majimbo 8 juu ya yale 264 ya awali. Kigoma haikuongezewa jimbo. Majimbo yake ni Kigoma Mjini, Kigoma Kaskazini, Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Buhigwe, Muhambwe na Kakonko.

Hapo ndipo mtu asiye mwenyeji huteleza. Mkoa una wilaya sita na halmashauri nane, na majina ya majimbo hayafanani yote na majina ya wilaya. Mwananchi wa Nguruka au Kalya husema anaishi Wilaya ya Uvinza, lakini kwenye karatasi ya kura jimbo lake ni Kigoma Kusini. Aliyeko Kibondo yuko Jimbo la Muhambwe. Mkazi wa Mwandiga anayefanya biashara zake Mwanga, mjini Kigoma, kila siku na kurudi jioni, akiulizwa mbunge wake ni nani, aghalabu hutaja wa Kigoma Mjini, kumbe kata yake iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma na jimbo lake ni Kigoma Kaskazini. Orodha isiyo na safu ya halmashauri haitamsaidia mtu huyo hata kidogo, kwa kuwa atakwenda moja kwa moja kwenye neno "Mjini" na kuishia hapo. Ikiwezekana, chini ya kila jimbo orodhesha kata zake zote. Ni kazi ya siku moja ukiwa na ushirikiano wa ofisi ya halmashauri, na kwa maoni yangu ndiyo inayoipa orodha thamani kuliko nakshi nyingine yoyote.

Kwa jirani zetu wa Tabora sura ni tofauti kidogo, kwa sababu huko halmashauri moja huweza kuwa na zaidi ya jimbo moja. Uyui ina Uyui (Tabora Kaskazini hadi 2025) na Igalula, Kaliua ina Kaliua na Ulyankulu, na Igunga ina Igunga na Manonga. Anayeandaa orodha ya Tabora asiridhike na kichwa cha habari kinachosema "Mbunge wa Uyui", maana halmashauri ya jina hilo ina majimbo mawili.

Majina ya majimbo nayo hubadilika, na mabadiliko hayo yanapaswa kuonekana katika orodha. Jimbo tunaloliita Kakonko leo lilikuwa Buyungu hadi Tume ilipolibadilisha jina mwaka 2025, na eneo tunalolijua kama Jimbo la Buhigwe liliwakilishwa katika Bunge la mwaka 2010 kwa jina la Manyovu. Ukiandika "Kakonko" pekee, mtu anayetafuta Taarifa Rasmi za Bunge za mwaka 2019 hataona chochote, kwa kuwa humo mbunge anatajwa kuwa wa Buyungu. Andika jina la sasa, kisha ndani ya mabano uandike la zamani na mwaka wa mwisho lilipotumika.

Safu ambayo wengi huisahau: ameingiaje bungeni?

Baada ya safu za jimbo, halmashauri, jina na chama, weka safu inayoeleza njia ambayo mbunge ameingilia bungeni. Ibara ya 66 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inataja aina kadhaa za wabunge: waliochaguliwa kuwakilisha majimbo; wanawake wa viti maalum, ambao idadi yao haipungui asilimia thelathini ya wabunge wengine; watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwa wajumbe wake; Mwanasheria Mkuu wa Serikali; wasiozidi kumi wanaoteuliwa na Rais; na Spika, iwapo hakuchaguliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Kwa hiyo si kila mbunge mwenye asili ya Kigoma ni mbunge wa jimbo la Kigoma, na si kila mbunge aliyemo bungeni alipigiwa kura na wananchi moja kwa moja.

Mkoa huu una mifano miwili mizuri ya jambo hilo. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2015, Joyce Ndalichako na Philip Mpango waliingia bungeni kwa kuteuliwa na Rais, na wote wawili wakawa mawaziri. Mwaka 2020 waligombea majimboni, Ndalichako akawa Mbunge wa Kasulu Mjini na Mpango akawa Mbunge wa Buhigwe. Orodha isiyo na safu ya njia ya kuingia itamfanya msomaji adhani kwamba watu wa Kasulu na Buhigwe waliwachagua tangu 2015, na hivyo majina ya wabunge halisi wa majimbo hayo wa kipindi cha 2015 hadi 2020 yatapotea. Mwalimu anayefundisha aina za wabunge anaweza kuitumia mifano hiyo miwili peke yake na darasa likamwelewa.

Viti maalum vinahitaji uangalifu wa namna yake. Kisheria, viti hivyo hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia tano ya kura zote halali za ubunge, kwa uwiano wa kura hizo, na mbunge wa viti maalum hana jimbo. Hata hivyo, kwa utaratibu wa ndani wa vyama, hasa Chama cha Mapinduzi ambacho jumuiya yake ya wanawake hupiga kura za mapendekezo kimkoa, wananchi wamezoea kumwita mbunge huyo "wa mkoa wetu". Josephine Genzabuke, aliyekuwamo katika Bunge la 12 (2020–2025), alifahamika Kigoma kwa namna hiyo. Shauri langu ni kuwaweka wabunge wa viti maalum katika jedwali la pili, chini ya lile la majimbo, lenye kichwa kinachosema wazi kuwa wanahusishwa na mkoa kupitia vyama vyao. Ukiwachanganya na wa majimbo, idadi ya wabunge wa Kigoma itazidi nane na msomaji atashindwa kujua jimbo lipi lina wawili.

Tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma

Hizi ni safu mbili fupi, lakini zisipokuwapo orodha yako itachakaa mapema. Chukua Jimbo la Buhigwe katika Bunge la 12. Katika uchaguzi wa 28 Oktoba 2020 kiti kilikwenda kwa Philip Mpango wa CCM. Tarehe 31 Machi 2021 Mpango aliapishwa kuwa Makamu wa Rais, na kwa kuwa Makamu wa Rais hawezi kuwa mbunge, kiti kikawa wazi. Uchaguzi mdogo ulifanyika 16 Mei 2021, na Felix Kavejuru, naye wa CCM, akakichukua. Katika orodha, Buhigwe inapaswa kuwa na mistari miwili kwa kipindi hicho: mmoja wa Mpango wenye tarehe ya kukoma na sababu yake, na wa pili wa Kavejuru unaosema "uchaguzi mdogo". Siku hiyohiyo ya 16 Mei kulikuwa na uchaguzi mdogo pia Muhambwe, ambako Mbunge Atashasta Nditiye alikuwa amefariki Februari 2021, na Florence Samizi akachaguliwa. Hii ina maana kwamba orodha ya Kigoma iliyochapishwa Novemba 2020, hata kama siku ile haikuwa na kosa, baada ya miezi sita na ushei ilikuwa na majina mawili kati ya manane yasiyo ya wabunge waliopo.

Buyungu lilikuwa limepitia hali kama hiyo katika Bunge lililotangulia. Kasuku Bilago wa CHADEMA, aliyechaguliwa 2015, alifariki Mei 2018, na Agosti mwaka huohuo Christopher Chiza wa CCM akashinda uchaguzi mdogo. Ukiandika mmoja wao tu kwa miaka yote mitano, utakuwa umempa mtu huyo muda usio wake na pia umebadilisha chama kilichoshikilia jimbo.

Kifo na uteuzi si sababu pekee za kiti kuwa wazi. Ibara ya 71 ya Katiba inataja nyingine, ikiwemo mbunge kukosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, na mbunge kuacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa au kuteuliwa. Sababu hii ya mwisho ndiyo inayofanya safu ya chama isiwe pambo. Zitto Kabwe alikuwa Mbunge wa Kigoma Kaskazini kupitia CHADEMA tangu 2005, akaondoka bungeni Machi 2015 uanachama wake katika chama hicho ulipokoma, na Oktoba mwaka huohuo akachaguliwa Kigoma Mjini kupitia ACT-Wazalendo. Nimeona watu wakiandika kwa mkato "Zitto Kabwe, Kigoma, 2005–2020". Mstari huo mmoja una makosa matatu: unaunganisha majimbo mawili, unaunganisha vyama viwili, na unaziba miezi ambayo hakuwa mbunge. Kinachozidi kuwachanganya watu ni kwamba Peter Serukamba wa CCM, aliyekuwa Mbunge wa Kigoma Mjini kuanzia 2005, mwaka 2015 alikwenda kugombea Kigoma Kaskazini na akashinda. Wawili hao walipishana njiani, kwa hiyo anayenakili orodha ya 2010 akidhani majimbo yamebaki na watu walewale atawaweka wote wawili kusikokuwa kwao.

Chanzo kipi kiaminiwe, na kwa jambo gani

Matokeo ya ubunge hutangazwa na msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, tofauti na ya urais ambayo hutangazwa na Tume yenyewe. Tangazo la msimamizi, likifuatiwa na taarifa za Tume, ndilo la kutegemea kwa swali la nani amechaguliwa. Kwa swali la nani ni mbunge leo, nenda kwenye tovuti ya Bunge, ambayo ina ukurasa wa wabunge wenye majina, majimbo na vyama. Vyanzo hivyo viwili vinajibu maswali mawili tofauti, na havilazimiki kufanana kila siku. Mtu aliyetangazwa mshindi hawezi kushiriki shughuli za Bunge kabla ya kula kiapo cha uaminifu, isipokuwa kushiriki katika kumchagua Spika, kama Ibara ya 68 inavyoruhusu. Hivyo tovuti ya Bunge ikichelewa kidogo kuonyesha jina jipya, usiharakishe kusema kuna hitilafu.

Taarifa za redio na magazeti zitumie kama fununu ya kukuelekeza pa kwenda kuthibitisha. Mabango ya pongezi yanayobandikwa mitaani usiyatumie kabisa, hata kwa tahajia ya jina.

Kuhusu tahajia, fuata jina lililotumika kwenye uteuzi wa mgombea, kisha ongeza jina la umaarufu ikiwa ndilo linalojulikana. Mwaka 2025 aliyetangazwa mshindi wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya CCM ni Clayton Chipando, na sidhani kama ni watu wengi wa Ujiji wangemtambua kwa jina hilo bila kuandikiwa pembeni "Baba Levo". Ukiandika jina la usanii pekee, wanaotafuta katika Taarifa Rasmi watapata tabu. Ukiandika la rasmi pekee, wananchi hawatajua ni nani. Mtangulizi wake katika Bunge la 12 aliitwa Kilumbe Ng'enda, na ile alama ya ritifaa isidondoke katika kuchapa, maana kompyuta haitalipata jina la "Ngenda" unapotafuta "Ng'enda". Vyeo kama Mheshimiwa, Daktari au Profesa viwe na safu yao au viachwe kabisa. Uwaziri nao usiuandike katika jedwali hili, kwa sababu baraza la mawaziri hubadilishwa mara nyingi kuliko Bunge, na utajikuta unarekebisha orodha ya wabunge kwa mambo yasiyohusu ubunge.

Watu huuliza kuhusu idadi ya kura. Ikiwa una matokeo ya jimbo yaliyotangazwa na msimamizi, unaweza kuiweka, lakini mimi huiacha nje ya orodha ya kubandikwa ukutani na kuihifadhi kwenye faili. Safu hiyo pia huwa na mapengo yanayohitaji maelezo marefu: mwaka 2020 walikuwapo wabunge waliopita bila kupingwa na hivyo hawakuwa na kura za kuandika. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 imeubadilisha utaratibu huo, na sasa mgombea aliyebaki peke yake hupigiwa kura za ndiyo au hapana.

Pale matokeo yanapopingwa

Mwenye kupinga uchaguzi wa mbunge hufungua shauri Mahakama Kuu, na wakati shauri likiendelea aliyetangazwa hubaki kuwa mbunge. Usiandike "mbunge wa muda", wala usiache nafasi wazi. Andika jina lake kama kawaida na uweke alama inayompeleka msomaji kwenye maelezo ya chini kwamba kuna shauri mahakamani. Katika uchaguzi wa 2015, David Kafulila, aliyekuwa Mbunge wa Kigoma Kusini tangu 2010 kupitia NCCR-Mageuzi, alipinga mahakamani ushindi wa Hasna Mwilima wa CCM. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ililikataa shauri hilo na Mwilima akaendelea. Orodha iliyokuwa imemwandika Mwilima na alama ya shauri haikuhitaji kubadilishwa jina. Kilichohitajika ni kuongeza mstari mmoja tu wa maelezo baada ya hukumu. Ikitokea uchaguzi ukatenguliwa, weka tarehe ya hukumu kwenye safu ya kukoma, acha kiti kikiwa "wazi", na usubiri. Fahamu pia kwamba jimbo linaweza kukosa mbunge tangu mwanzo wa Bunge, kama mgombea akifariki kabla ya siku ya kura na uchaguzi ukaahirishwa. Arusha Mjini ilipiga kura ya ubunge Desemba 2015 kwa sababu hiyo, wakati nchi ilikuwa imeshapiga Oktoba.

Kuchapisha na kuitunza

Orodha ya majimbo manane inatosha kwenye karatasi moja ya A4 iliyolazwa, herufi zikiwa za kusomeka kwa mtu aliyesimama hatua mbili kutoka ubaoni. Juu kabisa, kabla ya kichwa, andika tarehe ambayo orodha ilihakikiwa mara ya mwisho. Wengi huandika tarehe ya uchaguzi mahali hapo, na msomaji hana namna ya kujua kama mtu amerudi kuiangalia tangu siku hiyo. Faili lenyewe lihifadhi kwenye kompyuta ya ofisi kwa jina lenye mwaka na mwezi, na unapobadilisha jambo usifute mstari wa zamani. Jaza tarehe ya kukoma, kisha ongeza mstari mpya chini yake. Ukibandika karatasi mpya, ing'oe ya zamani siku hiyohiyo, na wape nakala wale uliowapa ya kwanza, hasa shule na redio.

Chini ya jedwali, kama nafasi ipo, ongeza maelezo mafupi ya pa kumpata mbunge kikazi: mahali ilipo ofisi yake ya jimbo, kwamba yeye ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri iliyomo jimboni mwake, na kwamba ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mwenye hoja ya darasa lisilo na paa au kisima kilichokauka atajua kikao cha kuulizia. Namba ya simu ya mkononi usiiweke bila idhini ya mwenyewe, hata kama imekwisha kusambaa.

Pangilia uhakiki uendane na ratiba ya Bunge. Bunge hukutana Dodoma mara kadhaa kwa mwaka, na mkutano mrefu kuliko yote ni wa bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Wabunge wanaoshinda chaguzi ndogo kwa kawaida huapishwa mwanzoni mwa mkutano, asubuhi ya kikao cha kwanza, na kiapo hicho huandikwa katika Taarifa Rasmi. Fungua ukurasa wa wabunge kwenye tovuti ya Bunge wiki ya kwanza ya kila mkutano, pitia majimbo yako manane moja baada ya jingine, na hata kama hakuna kilichobadilika, badilisha tarehe ya uhakiki iliyo juu ya karatasi.